Somo la Kumi na Mbili: Nawa Mikono, Kisha Ule Nasi
Juu ya fadhila ya kiasi

Katika masomo yaliyotangulia tulianza kueleza fadhila kuu nne, ndizo busara, haki, nguvu na kiasi. Leo tumeifikia ya nne. Wengi huipita upesi, wakidhani kwamba kiasi ni neno la kuwakemea walevi tu. Sivyo. Kiasi ni fadhila ya kila nyumba, ya sufuria na ya kitanda, ya kazi na ya mapumziko, ya harusi na ya matanga.

Swali letu la leo ni hili: Mkristu autunze mwili wake namna gani, bila kuifanya nyumba yake kuwa gereza? Na tena, afurahie namna gani mema aliyojaliwa, bila kuuharibu mwili aliopewa? Swali hili si la darasani tu. Katika nchi yetu limekwisha kugharimu maisha ya watu. Na sisi tunaosema nanyi limetugharimu aibu, kama mtakavyosikia.

I. Kiasi ni nini?

Kiasi ni fadhila inayotuwezesha kuzitawala tamaa zetu, ili tuvitumie vitu vizuri vya dunia kwa kadiri ifaayo. Litazameni neno lenyewe. Kiasi maana yake ni kipimo. Mama anayepika sombe hatumii mizani ya dukani, lakini mkono wake wajua. Akitia chumvi kupita kadiri, sombe hailiki. Asipotia hata chembe, watoto husukuma sahani pembeni. Mkono wa mama huyo una kiasi, na moyo wa Mkristu yafaa ujifunze kwa mkono huo.

Basi fadhila hii ina adui wawili, wala si mmoja. Adui wa kwanza ni ulafi, yaani kutaka furaha bila sheria yoyote. Adui wa pili hatajwi mara nyingi, kwa sababu amevaa nguo za mtu mwema. Huyu ni ule ukali wa moyo unaotaka sheria bila furaha yoyote, unaoona hatari katika kila sahani na ugonjwa katika kila mgeni.

Wazee wetu walituachia desturi inayowashinda adui hao wote wawili. Mgeni akifika wakati wa chakula, mtoto wa nyumba hutoka na maji na beseni, akamimina maji juu ya mikono ya mgeni, kisha ya baba, kisha ya wengine wote. Baada ya hapo ndipo bugali hufunuliwa. Je, kule kunawa ni jambo la afya au ni jambo la karamu? Ni vyote viwili. Ni usafi, tena ni heshima, kwa kuwa maji yale humwambia mgeni kwamba amekaribishwa. Likumbukeni beseni hilo, maana tutalirudia.

II. Furaha isiyo na sheria

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imeingia katika Kivu ya Kaskazini. Ilijulikana kwanza upande wa Mangina, ikafika Beni, kisha katika miezi ya kwanza ya mwaka 2019 ikawaka sana Butembo na Katwa. Mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 Juni 2020. Katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na sehemu ndogo ya Kivu ya Kusini, watu 3,470 waliugua, na kati yao 2,287 walikufa. Hayo twayasema kwa hesabu, lakini ninyi mwajua majina yao.

Ebola haiendi kwa upepo. Huingia kwa kugusa damu, matapishi na maji mengine ya mwili wa mgonjwa au wa maiti. Kwa sababu hiyo ilitushika pale hasa tulipopendana. Ilimshika mama aliyemwuguza mtoto wake. Ilimshika muuguzi aliyempokea mgonjwa bila kuvaa mipira ya mikono. Iliwashika ndugu waliomwosha marehemu wao kama ilivyo desturi. Ndipo tukafundishwa kuacha mambo tuliyoyapenda. Tuliacha kupeana mikono, hata kanisani wakati wa kutakiana amani. Tulipokea Komunyo Takatifu mkononi. Tulinawa maji yenye dawa mlangoni kabla ya kuingia. Tuliacha kukizungusha kikombe kimoja cha kasiksi kinywa kwa kinywa. Tuliwaachia watu wenye mavazi maalum kazi ya kuwazika wapenzi wetu. Na zaidi ya watu 300,000 walikubali chanjo.

Wengine walikataa. Walisema: "Mambo haya tulizaliwa tukayakuta, ni nani atakayetuzuia kumwosha baba yetu?" Hatutawacheka watu hao. Waliongozwa na mapendo. Tena nchi yetu ilikuwa na majeraha mengi, wala haikuwa rahisi kuyaamini maneno ya wageni waliofika kwa magari. Lakini mapendo yasiyo na busara humdhuru yule yule apendwaye. Katika nyumba nyingine matanga moja yalizaa matanga matatu.

Ebola ni kama moto wa nyasi, huonekana kwa mbali. Kuna magonjwa mengine yaliyo kama mchwa, ambayo hula nguzo ya nyumba polepole, na mwenye nyumba hana habari. Hayo ni shinikizo la damu, kisukari, na maradhi ya ini yanayoletwa na pombe. Leo duniani watu wazima zaidi ya bilioni moja wana shinikizo la damu, na karibu nusu yao hawajui kwamba wanalo, kwa kuwa ugonjwa huo mara nyingi hauumizi popote mpaka siku unapovunja.

Mzee mmoja tunayemfahamu, seremala kwa kazi yake, ndiye aliyekuwa akipiga ngoma katika kwaya yetu. Muuguzi alimpima akamwambia apunguze chumvi na pombe, tena ameze vidonge kila siku. Alivimeza mwezi mmoja. Alipojiona mzima akaviacha. Mkewe alipompunguzia chumvi katika mchuzi, alikasirika, akaagiza chumvi iwekwe mezani mbele yake. Alikuwa akisema: "Kufa ni kufa tu, afadhali nife nimeshiba." Lakini, wapendwa, hakufa. Siku moja, karamuni, kiharusi kilimwangusha, na upande wake wa kuume ukapooza. Mkono ule uliopiga ngoma sasa umelala juu ya goti lake, na wajukuu ndio wanaomlisha. Tulipokwenda kumtazama alituambia, kwa ulimi mzito: "Nilidhani natetea furaha yangu. Kumbe furaha yangu ilikuwa ngoma."

Tulifahamu neno hilo vema. Mlafi hukosea si kwa sababu apenda furaha mno. Hukosea kwa sababu huiuza furaha kubwa kwa bei ya furaha ndogo.

III. Sheria isiyo na furaha

Sasa yatupasa kuungama mbele yenu kosa letu wenyewe.

Katika shirika letu la Kikristu alikuwapo mama mmoja mjane. Mwaka 2019 alishikwa na Ebola, akapelekwa kutibiwa, akapona. Damu yake ilipimwa mara mbili, ugonjwa haukuonekana tena, akapewa hati ya kupona. Mwili wa mtu aliyepona huwa na kinga. Kwa hiyo watu kama yeye waliombwa kuwalea watoto wachanga katika nyumba zilizofunguliwa Beni na Butembo karibu na hospitali za Ebola, kwa ajili ya watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Mjane huyo alifanya kazi hiyo kwa miezi kadhaa. Aliwapakata watoto wa watu asiowajua, akawanywesha maziwa, akawaimbia walale.

Lakini siku ya Jumapili, alipokuja Misa, benchi lake lilikuwa tupu. Hakuna aliyemfukuza, kila mtu alisogea mbali kidogo tu. Nasi, tuliosimama mbele za watu na kufundisha habari ya mapendo, tuliona, tukanyamaza.

Noeli ya mwaka huo alimtuma binti yake nyumbani kwetu na sahani ya maharage na ndizi, imefunikwa kwa kitambaa cheupe. Tulimshukuru binti, tukamwambia atusalimie mama yake. Alipogeuka kwenda zake, tukakichukua chakula kile, tukakipeleka nyuma ya nyumba, tukakimwaga katika shimo la takataka. Mama watoto alituona, akauliza: "Baba, kila siku wawaambia watoto kwamba chakula si cha kutupwa. Leo je?" Tukamjibu kwa ukali: "Nawalinda ninyi." Akanyamaza.

Siku chache baadaye tulikutana na muuguzi mmoja, mtu aliyetufundisha kanuni zote za wakati ule. Tulimsimulia jambo lile, tukitumaini kwamba atatusifu kwa uangalifu wetu. Yeye akatuuliza: "Mwalimu, ni kanuni ipi iliyokukataza kula chakula cha mtu aliyepona?" Tukazihesabu moyoni: kunawa, kutopeana mikono, kutogusa maiti, kumpeleka mgonjwa upesi, kukubali chanjo. Ile yetu haikuwamo. Akasema: "Basi uliyoitii haikuwa kanuni ya afya. Ilikuwa hofu yako, nawe umeipa jina la afya."

Siku ya Epifania, mwezi wa Januari 2020, tulikwenda kwa yule mama. Tulisimama mlangoni, tukamweleza yote bila kuficha neno, hata habari ya shimo. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema: "Mwalimu, nilijua. Binti yangu aligeuka nyuma njiani, akakuona."

Hatukuwa na neno la kujibu. Yule binti alikuwa ameketi jikoni, wala hakututazama. Mama akamwita: "Mwanangu, lete maji." Binti akaleta beseni, akatumiminia maji mikononi bila kusema kitu. Ndipo yule mama akasema: "Nawa mikono, Mwalimu, kisha ule nasi."

Tufahamu vema, wapendwa, kwamba mama huyo hakuidharau kanuni hata moja. Alizishika kuliko sisi. Hakutupatia mkono, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa haujakwisha nchini. Alitupakulia chakula katika sahani yetu peke yetu. Lakini alitulisha. Kwake yeye sheria ya afya ilikuwa mlango wa kuingilia mezani. Kwetu sisi ilikuwa ukuta. Mama alitusamehe siku ile. Binti alikawia, na hatumlaumu; ni baada ya Pasaka ya mwaka uliofuata alipotusalimu kwa uso mkunjufu.

Tena msidhani kwamba kosa hilo lilikwisha pamoja na Ebola. Leo yuko baba aliyeambiwa na mganga apunguze sukari, naye akaipiga marufuku nyumba nzima, hata mtoto siku ya Komunyo yake ya kwanza asionje keki. Yuko dada asomaye katika simu yake kila juma chakula kingine cha kuogopa, mpaka hawezi tena kula kwa jirani. Yuko kijana afanyaye mazoezi saa nyingi kila siku, na bibi yake mgonjwa humwona dirishani tu akipita mbio. Watu hawa wana afya. Lakini afya yao yamfaa nani?

IV. Mfano wa Bwana wetu na desturi ya Kanisa

Injili yatusimulia kwamba Bwana wetu alikwenda harusini Kana ya Galilaya, pamoja na Mama yake na wanafunzi wake. Huko palikuwa na mabalasi sita ya mawe. Tazameni yalikuwa ya kazi gani: yaliwekwa kwa ajili ya kunawa, kadiri ya desturi ya Wayahudi. Divai ilipokwisha, Bwana hakuyavunja mabalasi yale wala hakuyaweka kando kana kwamba sheria ya kunawa yazuia furaha. Aliamuru yajazwe maji. Na katika mabalasi hayo ya kunawia ikapatikana divai ya karamu. Mnaliona beseni letu?

Bwana huyo huyo alifunga siku 40 jangwani. Alikula kwa matajiri na kwa wenye dhambi, hata wabaya wake wakamwita mlafi. Alichoka, akalala chomboni. Aliwaambia Mitume wake waende mahali pa faragha wapumzike kidogo. Hakuogopa karamu, wala hakuwa mtumwa wa karamu.

Kanisa nalo, kama mama mwenye akili, limeweka mambo hayo katika kalenda yake. Kwaresima ina siku 40 za kufunga. Lakini kipindi cha Pasaka kina siku 50. Hesabuni wenyewe. Furaha imepewa siku nyingi kuliko mfungo, lakini hakuna afikaye Pasaka vema bila kupita Kwaresima.

V. Namna ya kutenda

Fadhila isiyofika jikoni haijafika moyoni. Basi tushike mambo haya sita.

Kwanza, ndoo ya maji na sabuni ibaki mlangoni. Wengi waliiondoa siku ile mwisho wa Ebola ulipotangazwa. Lakini Ebola ilirudi upande wa Butembo mwezi wa Februari 2021, ikarudi Beni mwezi wa Oktoba 2021, na tena Beni mwezi wa Agosti 2022. Kila mara ilizimwa ndani ya muda mfupi, kwa sababu watu walikuwa wamekwisha jifunza. Tena kuhara na kipindupindu havikuondoka kamwe. Maji hayo yalinde watoto wetu, na mkono uliokwisha nawa umpokee mgeni.

Pili, chumvi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyomo tayari katika makayabu na katika vikolezo vya dukani. Hatusemi muache makayabu. Yalowesheni, mwage maji, myaloweshe tena, kisha msitie chumvi nyingine. Tieni kitunguu, nyanya, pilipili na ndimu. Samaki mbichi wa Kyavinyonge, maharage, lenga-lenga na parachichi ni vyakula vya kwetu, tena vyema.

Tatu, pombe. Hapa tutasema kweli yote. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna kadiri ya pombe isiyo na hatari yoyote kwa afya. Kwa hiyo anayekunywa kikombe cha kasiksi harusini asijidanganye kwamba ni dawa. Ni furaha, na furaha hiyo ina bei yake. Aijue, na bei iwe ndogo. Mama mwenye mimba asinywe. Anayeendesha pikipiki asinywe hata tone, kwa maana amebeba roho ya mwenziwe mgongoni. Anayejua kwamba hawezi kukiacha kikombe cha pili, huyo asikiguse cha kwanza. Na asiyekunywa asimhukumu anywaye kwa kiasi. Waketi meza moja.

Nne, kutembea. Mtu mzima yampasa kuutumikisha mwili wake walau dakika 150 kwa juma. Mkulima apandaye mlima na mzigo wake amekwisha timiza; yeye ahitaji kupumzika. Lakini mwenye duka aketiye tangu asubuhi, na karani apandaye pikipiki kwenda mtaa wa pili, hao watembee. Butembo ni mji wa vilima. Mungu ametupa kiwanja cha mazoezi bila malipo. Nendeni Misa kwa miguu, na mtembee wawili wawili mkizungumza.

Tano, kupimwa na kumeza dawa. Aliye na umri wa miaka 40 na zaidi apimwe damu yake. Akipewa vidonge, asiviache kwa sababu anajiona mzima. Huenda anajiona mzima kwa sababu ya vidonge hivyo.

Sita, Jumapili na sikukuu. Siku hizo kuleni vizuri zaidi kadiri ya uwezo wenu, imbeni, waacheni watoto wacheze, watembeleeni wazee. Anayeshika kiasi siku sita hana sababu ya kuiogopa ya saba.

VI. Kwa wale walio katika shida

Twajua kwamba labda mwingine ananung'unika: "Mwalimu, wewe wasema habari za karamu na chumvi, nasi tumeyakimbia mashamba yetu, sahani yenyewe hatuna." Ndugu yetu, umesema kweli. Tangu mwezi wa Oktoba 2014 watu wa upande wa Beni wamechinjwa na kukimbizwa, na wengi wamelala katika nyumba za watu na katika madarasa. Kwa mtu mwenye njaa, kiasi si kupunguza chakula. Kwake yeye twasema neno moja tu: usifikiri kwamba kucheka ni dhambi kwa sababu wenzio wamekufa. Mtoto akicheza mpira wa majani ya ndizi kambini, msimkaripie. Na kwetu sisi tulio na sahani, kiasi maana yake ni kuipunguza sahani yetu ili ya jirani ipate kitu. Huo ndio mfungo unaomfaa mwingine.

VII. Maswali na majibu

Haya msomewe nyumbani na watoto, mpaka wayashike.

Swali: Kiasi ni nini?
Jibu: Kiasi ni fadhila ya kuzitawala tamaa na kuvitumia vitu vizuri kwa kadiri ifaayo.

Swali: Je, kuutunza mwili ni wajibu?
Jibu: Ndiyo. Mwili ni amana ya Mungu, nao ndio tunaowatumikia wenzetu kwao.

Swali: Je, kufurahia chakula, wimbo na sikukuu ni dhambi?
Jibu: Hapana. Furaha njema ni zawadi ya Mungu. Dhambi ni kuitumia vibaya.

Swali: Adui wa kiasi ni wangapi?
Jibu: Ni wawili: ulafi usiotaka sheria, na ukali wa moyo usiotaka furaha.

Swali: Twajuaje kwamba kanuni tunayoishika ni ya afya, wala si ya hofu?
Jibu: Kanuni ya afya hufundishwa na wenye kujua, tena hutuwezesha kuishi na wenzetu. Hofu huongeza kanuni zake yenyewe, na hututenga nao.

Swali: Aliyemtenga mwenziwe kwa hofu afanye nini?
Jibu: Aende kwake, amweleze kosa lake, na akikaribishwa, anawe, ale naye.

VIII. Azimio la juma hili

Kila mmoja wetu achague kitu kimoja atakachokipunguza, na kitu kimoja cha furaha atakachokirudisha. Apunguze kijiko cha chumvi, au kikombe cha pili, au usiku wa kukesha bure. Arudishe wimbo wa jioni, au matembezi kwa shangazi mzee, au chakula cha pamoja siku ya Jumapili. Asichague kimoja tu, kwa maana ndege haruki kwa bawa moja. Na ikiwa katika mtaa wenu yuko mtu ambaye benchi lake limebaki tupu tangu miaka ile, Jumapili ijayo kaeni karibu naye.

Tumalize kwa sala fupi. Ee Mungu Baba yetu, uliyetupa mwili na ukatupa mkate, tufundishe kuulinda mwili na kuumega mkate. Utuondolee tamaa isiyoshiba na hofu isiyokwisha. Wapokee marehemu wetu wa miaka ile ya ugonjwa, na uwaponye waliobaki na majonzi. Uwape amani watu wa Beni na wa Butembo, ili tena waweze kula matunda ya mashamba yao bila woga. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.

Somo lijalo litaeleza juu ya ukarimu kwa wageni na wakimbizi. Mbaki na amani, wapendwa. Tumsifu Yesu Kristu!